Cherehani Zinazonguruma Homa Bay

Juma lililopita nilikuwa kwa fundi wangu wa nguo hapa Homa Bay, akaingia ofisa kutoka Nairobi. Serikali yetu changa ilikuwa imemtuma kutafuta dalili kwamba uchumi umeanza kuinuka. Alipoona cherehani zote zinanguruma, akasugua viganja kwa furaha.

"Fundi, wateja wamerudi?"

Fundi akatoa pini mdomoni. "Wamerudi, bwana mkubwa. Wamerudi na suruali zile zile za zamani. Wamekonda, tunawapunguzia viuno."

Ofisa akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaaga.

Jioni, barazani, akatutangazia kwamba mafundi wa Homa Bay wamelemewa na kazi. Hakusema uongo. Sisi wenye mikanda tulimpigia makofi. Wengine walikuwa wameshikilia suruali.