Gwaride la Kihispania la Sajini Oryem

Julai 1975, Kampala ilipopakwa rangi upya kwa ajili ya mkutano wa marais wa Afrika, Sajini Tarcisio Oryem wa kambi moja ya polisi karibu na Ntinda alipewa siku kumi ajifunze Kihispania. Aliambiwa kuna wageni wa lugha hiyo, na mlango wao hotelini unahitaji askari. Akishindwa, atahamishiwa Moroto, mbali kaskazini-mashariki, na nyumba walimozaliwa watoto wake watano atapewa mwingine. Mkewe, Akwero, alianza kufunga sufuria kwenye magunia siku hiyohiyo.

Oryem aliazima kitabu kwa padri, akaanza na kitenzi *tener*, yaani kuwa na kitu. Siku tatu nzima kilimtesa. Kila akikigeukia kimebadili sura: *tengo*, *tienes*, *tiene*.

Lakini Oryem hakuwahi kujifunza lolote akiwa ameketi. Alikuwa mwalimu wa gwaride kwa miaka kumi na minne. Siku ya nne akawapanga makonstebo sita mistari miwili, umoja mbele, wingi nyuma, kila mtu na neno lake.

"Afande," akalalamika Khisa, wa kwanza mstari wa nyuma, "mimi iko peke yangu. Nitakuwa 'sisi' namna gani?"

"Serikali imesema wewe ni sisi. Nyamaza, *tenemos*!"

Siku ya kumi inspekta wake alimwita ofisini kumpima, bila makonstebo.

"Sema: mimi ninacho."

Oryem akaomba ruhusa ya kusogea. Akaenda kona ya kulia, mahali pa konstebo wa kwanza, akakanyaga sakafu. "*Tengo!*"

"Wewe unacho?"

Hatua moja kushoto. "*Tienes!*"

"Wao wanacho?"

Hatua nyuma, hatua kushoto, akagonga kabati la mafaili. "*Tienen*, afande!"

Inspekta akaandika: *Anafaa. Apewe nafasi ya kutosha.*

Hotelini, mgeni wa kwanza alimuuliza Oryem kama ana ufunguo. Oryem akapiga hatua mbili kulia. "*Tengo!*" Mgeni, mtu wa adabu, naye akapiga mbili. Kufikia siku ya tatu ujumbe mzima ulikuwa ukisogea naye mlangoni, ukidhani ndiyo itifaki ya Uganda. Mwaka ule, chini ya utawala wa kijeshi, hakuna aliyeuliza mambo ya itifaki.

Mkutano ulipokwisha, Akwero alifungua magunia, akarudisha sufuria jikoni.