Leso Chini ya Sweta

Shosho alinifundisha nianze kwa kutaja waliokuwepo, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza ambalo kamati ya rufaa huuliza. Basi waliokuwepo siku wageni walipokuja nyumbani kwetu Elburgon ni hawa: mimi, niliye dada mkubwa wa nyumba, ndugu yangu anayenifuata, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo na ambaye sasa ni mwanaume wa ndevu, dada yetu kitinda mimba, aliyekuwa ameomba ruhusa kutoka shamba la maua analofanyia kazi, kule Karagita, Shosho mwenyewe, ambaye ni jirani yetu na mhudumu wa afya wa kijiji, nyanya kwa jina tu, maana undugu wetu naye ni wa kuazimana chumvi, na wageni wawili, kijana mmoja na mama wa makamo, waliokuja na fomu. Baba na mama walikuwa wamefariki zamani, wakifuatana katika mwaka mmoja. Mimi niliacha shule darasa la saba.

Wageni walitaka kujua kama ndugu yangu hajiwezi kiasi cha kuingizwa kwenye orodha ya wanaopata pesa za serikali. Pesa zenyewe si nyingi, lakini zingetosha kumpa mama mmoja wa pale karibu kitu kidogo akae naye ninapokwenda kibarua. Bila hizo nilikuwa namfungia. Nilikuwa nikienda kuvuna viazi vya watu, natia kufuli mlango kwa nje, na nikirudi saa nane mchana namkuta palepale nilipomlaza. Siku moja nilimkuta ameteleza kutoka kitandani, shavu liko sakafuni, suruali imelowa. Aliponiona akaniuliza kama viazi vilikuwa vikubwa.

Sasa, kwetu mgeni alikuwa na utaratibu wake, tangu enzi ya mama. Ukisikia mgeni anakuja, unachemsha maji, unamwogesha ndugu yangu kwenye karai, unampaka mafuta, unamvalisha nguo za kanisani. Halafu unamkalisha kwenye kiti cha mbao ambacho baba alimtengenezea kwa mabaki ya kiwanda cha mbao, na unamfunga kifuani kwa leso ya mama, kanga yake ya maua mekundu, ukipitisha fundo nyuma ya kiti. Kisha unaivuta sweta yake ishuke ifunike leso. Juu ya fundo unatandaza kitambaa kilichofumwa, kama vile vya makochi. Mgeni akiingia anaona kijana nadhifu ameketi wima kama mwalimu mkuu.

Ndivyo tulivyofanya. Yule kijana mwenye fomu alimsalimia, "Sasa boss, uko poa?" na ndugu yangu akajibu, "Poa. Karibuni, mjisikie nyumbani." Hiyo ni sentensi aliyoifanyia mazoezi miaka mingi, na huitoa vizuri kuliko zote. Tulimpa chai nusu kikombe, iliyopoa, katika kikombe chake chenye mikono miwili, akakiinua mwenyewe hadi mdomoni. Kitinda mimba alipiga makofi.

"Anakaa bila kushikwa?" yule mama aliuliza.

"Anakaa vizuri," nilisema. "Hatusumbui hata kidogo."

Nilidhani ninamsifu. Wageni walikunywa chai, wakala viazi vitamu, wakatuombea baraka, wakaenda. Majibu yalipotoka, Shosho ndiye aliyeniletea: jina la ndugu yangu halikuingia. Wameandika kwamba anakaa mwenyewe, anakula mwenyewe, anazungumza.

Shosho alikaa kwenye ngazi yetu akavua viatu vya mvua. "Watu walikuja kuona Jumanne ya kawaida," alisema, "nyinyi mkawaonyesha Krismasi."

"Nawe ulikuwepo, Shosho. Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, na mtoto amependeza hivyo? Hata mimi nilifurahi."

Kulikuwa na nafasi ya kukata rufaa. Niliandika barua kwa mkono, nikairudia mara tatu kwa sababu ya kufutafuta, na tukapewa siku ya kusikilizwa na kamati. Shosho akanunua daftari ya kurasa thelathini na mbili akaniambia niandike wiki nzima kila kitu ninachomfanyia, bila kupamba. Kisha jioni, nikimenya viazi, alijifanya kamati. Alivaa miwani yake, akakaza sauti.

"Usiku anakuamsha mara ngapi?"

"Si mara nyingi."

"Si mara nyingi ni ngapi, madam?"

"Nne."

"Basi sema nne! Kwa nini unamwonea aibu mtu wa serikali asiyekujua?"

Kazi hiyo ilinishinda kuliko kuvuna viazi. Kila swali lilikuwa na jibu la adabu lililotangulia mdomoni, na ilibidi nilimeze ili lile la kweli lipite. Kumgeuza ili asipate vidonda. Kumlisha, kwa maana kile kikombe ni cha wageni tu. Chakula chake ninakiponda na kumlisha kwa kijiko, nusu saa, wakati mwingine zaidi. Kumsafisha. Niliyaandika yote. Nilichosahau ni kwamba chumba chetu ni kimoja na pazia, na ndugu yangu masikio yake hayana tatizo lolote.

Siku ya tatu, Shosho akinisomea nilichoandika, sauti ilitoka nyuma ya pazia, polepole kama kawaida yake: "Shosho, ukurasa wa mavi yangu umefika?"

Shosho alicheka hadi akatoa miwani. "Tumeumaliza, mzee. Tuko kwenye mkojo."

"Someni kwa nguvu. Kuku wa jirani hawajasikia."

Alicheka nasi, lakini jioni hiyo alikataa uji. Nilipomgeuza aliniuliza, "Kwani mimi ni kazi yote hiyo?" Nilimwambia ni kazi ninayoijua. Halikuwa jibu zuri. Ndilo nililokuwa nalo.

Ugomvi wenyewe ulikuja juu ya nguo. Kitinda mimba alipiga simu kutoka Karagita akasema tusirudie kosa: tusimwogeshe siku hiyo, tumvalishe sweta ile iliyotoboka, tumbebe kwenye blanketi. "Wamuone alivyo," alisema. Mimi, niseme ukweli, nilikuwa nimekubali. Nilishaitoa sweta ile chini ya kitanda.

Ndugu yangu aliitazama. "Hiyo unadekia sakafu."

"Ni siku moja tu."

"Siendi kama gunia la makaa. 'Alivyo' ndivyo vipi? Mimi hukaa mchafu?"

Nikairudisha chini ya kitanda, kwa sababu hajawahi kukaa mchafu hata siku moja mikononi mwangu, isipokuwa saa zile za kufuli.

"Niogeshe," alisema. "Koti la baba. Kiti changu. Leso. Halafu mengine niachie mimi."

Asubuhi ya siku hiyo Elburgon ilikuwa na ukungu wa kukata masikio. Jirani mwenye pikapu ya kubeba kabichi alitupeleka, kiti kikiwa nyuma, mimi na ndugu yangu mbele, Shosho amekumbatia kiti ili kisianguke. Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu na watu watatu. Wa katikati, mzee mwenye kalamu mbili mfukoni, aliniuliza waliokuwepo siku ya ukaguzi. Nikawataja. Nikasoma daftari. Mahali pa kufuli nilikwama, nikarudia mstari, nikaumaliza.

Mzee yule alisikiliza kwa heshima. Kisha akamtazama ndugu yangu, koti la baba, nywele zilizochanwa. "Lakini mama," aliniambia, "mbona namwona amekaa vizuri?"

"Dada," ndugu yangu alisema. "Fungua."

Nilijua anachotaka, nikainyoosha kola ya koti.

"Fungua, dada."

Nilitoa kitambaa, nikalegeza fundo, nikavuta leso ya mama kutoka chini ya koti, ndefu, ikaonekana kama haiishi. Alibaki wima kwa pumzi moja au mbili. Kisha akaanza kwenda upande wa kushoto, na mikono yangu ikaruka yenyewe kumshika.

"Wacha."

Niliacha. Sijawahi kufanya kitu kigumu kuliko hicho. Aliinama hadi bega likagonga mkono wa kiti, kichwa kikaning'inia, mate yakatiririka kwenye koti la baba. Kutoka huko chini alisema ile sentensi yake: "Karibuni, mjisikie nyumbani."

Mama mmoja wa kamati aliweka kalamu mezani. "Mshike, tafadhali," alisema. "Tumeona."

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Jina liliingia. Sasa kuna mama anayekaa naye ninapokuwa shambani, wanabishana kuhusu redio, na kufuli imetundikwa msumarini bila kazi.

Lakini siku ile, tukirudi kwenye pikapu, ndugu yangu aliniambia, "Una deni langu."

"Deni gani?"

"Kwa wale watu wa serikali nimejionyesha. Sasa na kwa wengine. Leso ikae juu ya sweta. Sitaki kufichwa tena."

Nikaahidi. Mbele ya Shosho na jirani wa kabichi ahadi nimeitimiza, leso inakaa juu, maua yake mekundu yote nje. Jumapili iliyopita akina mama wa kanisa walikuja kututembelea bila kutuarifu. Niliposikia hodi niliweka maji ya chai jikoni, nikapanga vikombe, nikapita karibu na kiti chake. Walipokuwa wameshaketi ndipo nilipogundua kwamba mikono yangu ilikuwa imevuta sweta ikafunika leso, na kitambaa kiko juu ya fundo, kimenyooshwa.

Ndugu yangu alikuwa akinitazama. Aliwakaribisha wageni kwanza, kwa sentensi yake, vizuri kabisa. Kisha akanigeukia.

"Deni bado," alisema.