Mkuu wa Milango na Miezi ya Mvua

Aliitwa kikaoni ajibu swali moja. Akajibu mawili, na kwa lile la pili akaonyeshwa mlango.

Swali aliloulizwa lilikuwa la hesabu: kuanzia safu ya ishirini hadi ya mwisho ukumbi una viti vingapi? Akasema mia moja sitini na nane, viwili kati yake vimevunjika migongo. Kisha, akiwa bado amesimama kwa kuwa hakuna aliyemwambia aketi, akatazama ukuta uliobandikwa kadi za msimu mpya wa muziki. Akaiona kadi ya mpiga kinubi katikati ya mwezi wa mvua kubwa.

"Huyu msimweke hapo," akasema. "Mvua ikipiga bati, kuanzia safu ya kumi na nne hakuna atakayesikia hata uzi mmoja."

Watu tisa walimtazama. Mmoja alicheka kwa pua. Mratibu wa msimu, mwanamke kijana aliyekuwa ameshika kadi nyingine mkononi, akasema bila kuinua macho, "Asante, Dada. Tumekuita kwa ajili ya viti tu."

Huyo aliyeambiwa asante ni mkuu wa milango wa ukumbi ule. Kwa miaka ishirini na miwili amewaongoza watu gizani kwa tochi ndogo hadi kwenye viti vyao, hata wenzake wakamwita Tochi. Na huyo aliyemwambia asante ni mtoto wa mama yake mdogo, yaani ni mdogo wake. Tochi ndiye aliyempeleka pale akiwa hana kazi, akamsimamisha mlango wa kushoto, akamfundisha kumulika sakafu badala ya nyuso za watu. Miaka mitatu baadaye mdogo mtu alikwenda masomoni, akarudi na cheti, akapewa chumba chenye ukuta wa kadi. Dada mtu alibaki mlangoni.

Sitaficha jambo ambalo yeye mwenyewe halifichi: alikuwa na wivu. Alimwonea mdogo wake wivu kuanzia viatu hadi sauti. Alijua ni mara ngapi kwa wiki mkurugenzi alimwita ofisini. Akipita mbele ya chumba cha kadi alipunguza mwendo, akijidai anakagua taa za ukumbini. Nyumbani kwa mama yake, mama mdogo alipofika kutembea, yeye alimwamkia huku akitazama pembeni.

"Mwanangu sasa ana meza yake peke yake," mama mdogo alisema siku moja, "na kiti kinachozunguka."

"Kinazunguka kwenda wapi, Mama Mdogo?"

"Popote anapotaka."

"Basi akizungushe siku moja atazame nyuma. Tuko huko."

Mama yake akamkanya kwa jicho. "Wewe naye. Mwenzako akipata, sema amepata."

"Nimesema, Mama. Nimesema amepata kiti."

Kuna watakaosema mwanamke huyu alisumbuliwa na kijicho tu, na kwamba kijicho hakina hoja. Ni kweli alikuwa na kijicho. Lakini hoja pia alikuwa nayo, na mwenye hoja hanyang'anywi hoja yake kwa sababu moyo wake umechafuka.

Msimu wa muziki hupangwa hivi. Kwanza hubandikwa kadi za majina makubwa, wale wanaojaza ukumbi wenyewe. Hao huchagua tarehe, nao huchagua miezi mikavu, barabara zikiwa nzuri na watu wakiwa na hamu ya kutoka. Baada yao huja vikundi vya wastani, na hao nao hujadiliana. Mwishoni hubaki mianya ukutani, na mianya hiyo yote huangukia miezi ya mvua. Hapo huwekwa wasio na sauti ya kukataa: mwimbaji wa peke yake, mpiga filimbi, mpiga kinubi aliyeandika barua miaka kumi na moja akiomba jioni moja tu. Kwa maneno mengine, mwenye ngoma na tarumbeta, ambaye hata radi haimzimi, hupewa kiangazi. Mwenye nyuzi nane hupewa gharika.

Tena waratibu hawaioni dhuluma hii, kwa sababu hawajawahi kuisikia. Dari ya mbao ya ukumbi ule inafunika jukwaa na safu kumi na tatu za mbele. Nyuma ya hapo ni bati tupu. Mkurugenzi, waratibu na wageni wao huketi safu ya pili, chini ya mbao, na huko mvua husikika kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili. Tochi husimama nyuma. Kwa misimu ishirini na miwili amesikia nyimbo zikizama katikati.

Baada ya kikao kile alikata shauri kunyamaza. Siku ya mpiga kinubi ilipowadia, wingu lilikuwa limekaa juu ya paa tangu mchana. Mdogo wake akashuka ngazi mbio mbio, akamkuta anagawa tochi kwa wasaidizi wake.

"Dada, unaonaje, itanyesha?"

"Muulize aliyesomea."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi ni wa viti tu, mdogo wangu. Viti vyote vipo, vikavu."

Alipenda alivyolisema lile neno. Ameungama baadaye kwamba kwa muda wa saa nzima aliiombea mvua inyeshe, inyeshe kwa hasira, ili mdogo wake aaibike mbele ya mkurugenzi. Na ikanyesha.

Mpiga kinubi alikuwa mwanamume mfupi, fundi cherehani mstaafu, na suti aliyovaa aliishona mwenyewe. Alikuwa kwenye wimbo wa pili bati lilipoanza kunguruma. Mafundi wa sauti wakamsogezea kipaza sauti. Kikaibeba mvua pamoja na nyuzi na kuimwaga yote kwenye spika, ikawa balaa juu ya balaa, wakakizima. Safu ya pili haikugeuka, kwa kuwa huko kinubi kilisikika vizuri sana. Nyuma watu walianza kuulizana, kisha kucheka, kisha kuinuka. Mzee mmoja akamwambia Tochi, "Mama, nimelipia kumtazama mtu akikuna ubao?"

Tochi akatazama jukwaani. Fundi yule alikuwa ameinamisha kichwa hadi karibu na nyuzi, anapiga taratibu, hajui kwamba watu themanini hawamsikii. Hapo, anasema, wivu ulimtoka mkononi kama kitu cha moto. Aliyekuwa akiaibika pale alikuwa mtu mwingine kabisa, ambaye hakumkosea mtu, na mdogo wake alikuwa ameketi salama chini ya mbao.

Kanuni ya ukumbi inasema mtu wa milango hakanyagi jukwaa. Tochi aliwasha tochi yake, akaimulika sakafu, akawaambia watu wa safu za nyuma, "Nifuateni kimya kimya, shikeni viatu mkononi." Akawapitisha ujia wa pembeni, akafungua mlango mdogo wa jukwaa, akawaketisha sakafuni kumzunguka mpiga kinubi, mduara ndani ya mduara. Fundi aliinua kichwa, akaona watu miguuni pake, akatabasamu. Kisha akauanza wimbo ule upya. Mvua ilinyesha mpaka mwisho, na hakuna aliyeondoka.

Watu walipokuwa bado wanapiga makofi, mratibu wa msimu alipanda jukwaani na maua. "Kwa muda mrefu," akasema, "tulitamani kuwaleta wasikilizaji wetu karibu zaidi na nyuzi." Mkurugenzi akasimama na kumpigia makofi. Tochi alikuwa chini, anamtafutia bibi mmoja kiatu cha kushoto.

Wiki iliyofuata magazeti yaliandika juu ya ubunifu wa mratibu kijana. Wiki hiyo hiyo Tochi alipokea barua ya onyo kutoka utawala, kwa kuacha lango lake na kukanyaga jukwaa bila idhini. Akaisaini. Na kijitabu cha msimu uliofuata kilipotoka, ukurasa wa tano ulitangaza jioni nane za muziki wa nyuzi, zote katika miezi ya mvua, wasikilizaji wakiketi jukwaani. Chini yake iliandikwa: wazo la mratibu wetu wa msimu. Tochi aliusoma ukurasa ule akiwa amesimama mlangoni, kidole gumba kimefunika jina la mdogo wake, kisha akakiondoa, kisha akalifunika tena.

Alipanda chumba cha kadi bila kubisha hodi.

"Umekula na mimi, umeosha mikono peke yako," akasema.

Mdogo wake hakujidai kutoelewa. "Ungeniambia mapema, Dada."

"Nilikuambia. Mbele ya watu tisa."

"Ndiyo hiyo. Mbele ya watu tisa. Ulinifanya nionekane sijui kazi, na nilikuwa na miezi minne tu katika chumba hiki. Unadhani ni wewe tu? Wanamuziki wakifika wanauliza, Tochi yuko wapi. Mimi nimewapa tarehe, mimi nimewaandikia barua, nao wananipita kama nguzo wanakwenda kukukumbatia wewe. Watu wakiingia wanakusalimu wewe. Hakuna anayenijua."

"Kwa hiyo ukaona uchukue na hilo."

"Nilikuwa na maua mkononi, na watu wanapiga makofi. Neno likanitoka. Nikasema nitalirekebisha kesho. Kesho ikaja na waandishi."

"Na keshokutwa?"

Mdogo wake alivuta kiti kinachozunguka, akamsogezea. Tochi hakukikalia. Alikitazama, akasema, "Hiki ni chako. Mimi sitaki chako," akarudi kazini, kwa kuwa milango ilikuwa ikifunguliwa saa kumi na moja.

Hapo ndipo ninapoona uovu wa jambo lote. Ndugu wawili wa ukoo mmoja, mmoja anajua kupanga na mwingine anajua kinachosikika, wameoneana kijicho mpaka wameumizana. Aliyewagombanisha ni utaratibu unaomhesabu aliye juu kuwa na mawazo na aliye chini kuwa na miguu tu. Mratibu alikosa, na sipunguzi kosa lake. Lakini hakuitunga yeye kanuni ya kuwaacha watu wa milango nje ya kikao, wala hakuiandika yeye barua ya onyo.

Basi nawaambia ninyi wenye mamlaka, mkurugenzi na wajumbe wa bodi, mnaoketi safu ya pili. Ifuteni barua ile kwenye jalada lake, na mmwandikie kwamba mmeifuta. Chapisheni ukurasa wa tano upya, na jina la mwenye wazo. Kisha, kikao cha kupanga msimu ujao kitakapoitishwa, mwiteni kwa barua kama mnavyowaita wengine, aingie kabla kadi ya kwanza haijabandikwa, aketi, na asiondolewe mpaka ya mwisho ibandikwe. Akisema mwezi fulani haumfai mtu fulani, iondoeni kadi hiyo ukutani mbele yake. Mkishindwa, waelezeni wapiga kinubi, mmoja mmoja na kwa maandishi, kwa nini mnawapa mvua.