Hirizi ya Hesabu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, katika kijiji cha ujamaa njia ya Kipatimu, hasira hizo zilimwangukia zaidi msichana mmoja wa darasa la nne. Ukimwambia aandike kumi na mbili, anaandika ishirini na moja. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake. Nilimchapa pia, na mpaka leo naona haya.

Siku moja tulikuwa shamba la shule, tunataka kuchimba mashimo ya mikorosho. Shamba lilikuwa mraba, kila upande hatua mia na ishirini, na shimo kila baada ya hatua kumi na mbili, kutoka pembe hadi pembe. Nikatangaza kwa sauti ya mtu aliyetoka chuo cha ualimu juzi, "Kumi kwa kumi, mashimo mia!"

"Mia na ishirini na moja, Mwalimu," akasema yule msichana. "Shimo la kuanzia hujalihesabu."

Tukachimba. Yakawa mia na ishirini na moja. Darasa zima lilicheka mpaka majembe yakaanguka, nami nikajifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Kumbe kichwani alikuwa moto. Kwenye karatasi ndiko kushoto na kulia vilikompotea. Alasiri chuoni, kwenye Kurani, walisoma kuanzia kulia, asubuhi shuleni kuanzia kushoto. Wenzake walizoea, yeye hakuzoea. Na asiyepita mtihani wa darasa la nne, shule yake imeishia hapo. Anarudi kufukuza nyani kwenye mahindi. Nikamfunga uzi mwekundu mkono wa kushoto. "Anzia upande wa uzi," nikamwambia. Haukupita mwezi, kumi na mbili ikawa kumi na mbili.

Kijiji kikasema nimemfunga hirizi ya hesabu. Wazazi wakaniletea kuku. Nilipowafokea, wakaenda kutafuta nyuzi zao wenyewe. Siku ya mtihani darasa zima liliketi na nyuzi nyekundu, mmoja kajifunga hata miguuni.

"Hirizi zote mezani!" akanguruma msimamizi aliyetoka Kivinje.

"Uzi wa yule msichana mwachie, bwana," nikasema. "Ndio pekee unaofanya kazi."

Akanitoa nje, na uzi akauchukua.

Nikachungulia dirishani, roho juu. Msichana alitazama mkono huu, akatazama ule. Kisha akajifanya anamega tonge, akalipeleka mdomoni. Alipokwisha kuujua mkono wa kulia chakula, akaung'ata ule mwingine kwa nguvu, akaitazama alama ya meno, akashika kalamu.

Mchana mama yake alinijia juu. Hata shikamoo yangu hakuiitikia. "Mwalimu, nani kamng'ata mwanangu?"

"Kajing'ata mwenyewe, mama. Ni kwa ajili ya hesabu."

Akaniangalia kama anayemwonea huruma mgonjwa.

Majina ya waliopita yalipoletwa, alikuja tena, akasimama mlangoni. Nikamsomea jina la mwanawe. Akasema nisome tena. Nikasoma. "Tena, Mwalimu." Mara ya tatu nilishindwa kulimaliza, nikalia mbele yake, mtu mzima mimi.