Jeneza Lenye Tanga

Jirani yangu hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mwalimu wa hesabu, na hilo peke yake lilitosha kunikasirisha. Yeye alitoka Ukambani, mimi kando ya ziwa, na tulihamia Kitengela mwaka mmoja, miaka ya tisini ikiyoyoma, wakati ploti zilikuwa nyingi kuliko watu. Kilichotutenganisha ni ua wa michongoma tu. Tulishindana katika kila kitu. Nikipanda sukuma wiki, yeye anapanda yenye majani mapana zaidi. Akiinua antena ya televisheni kwa bomba moja, mimi naunganisha mawili.

Kisha ikaja ile mvua kubwa iliyosahau kuacha kunyesha. Timbo la zamani nyuma ya nyumba zetu, palipokuwa pakichimbwa mawe ya kujengea, likajaa maji mpaka likatosha viwanja viwili vya mpira. Shamba lenye timbo hilo lilikuwa la mama mmoja Mmaasai aliyetuletea maziwa kila asubuhi, na sote tulimwita Mama Maziwa. Jumamosi moja mimi na Mwalimu tulisimama ukingoni, gambuti zetu zimekuwa nzito kwa udongo mweusi, naye akasema kwamba kwa hesabu kidogo tu mtu anaweza kuunda boti yenye tanga na kuiendesha pale.

“Mwalimu, boti si hesabu,” nikamwambia. “Mimi nimezaliwa ndani ya boti. Uliza mtu yeyote kwetu.”

Huo ndio uongo wenyewe. Nilizaliwa karibu na ziwa, ni kweli, lakini baba yangu alikuwa fundi cherehani. Aliwashonea wavuvi matanga kwa magunia ya unga, na yeye mwenyewe aliogopa maji hata ya beseni. Mimi nilikuwa nimepanda boti mara moja tu maishani, kuvuka ghuba kwenda mazishini, nikatapika kwenda na kurudi. Wafiwa walidhani ni uchungu wa msiba, wakanipa kiti cha mbele.

Mwalimu alichora boti yake kwenye karatasi ya grafu, akaiunda kwa mbao na mabati, akaziba nyufa kwa lami, kisha akaandika ubavuni kwa rangi nyekundu: JIBU SAHIHI. Mimi, mwenye jina la kulinda, nilitafuta fundi. Aliyekubali kazi nilimpata Kware, kule Rongai. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, kwa sababu alikuwa ametengeneza vitu vingi ambavyo wateja hawajawahi kurudi kulalamika.

Nilipokwenda kuchukua mzigo wangu nilielewa ni kwa nini hawakurudi. Boti ilipakwa vanishi ya kung’aa, ilikuwa na mabega mapana upande mmoja, ikaenda ikipungua kuelekea upande wa pili, na kando ilikuwa na vishikio sita vya shaba.

“Vishikio nimekuwekea bure,” fundi akasema.

Tuliifunika kwa turubai, tukaipandisha kwenye pikapu. Kabla hatujafika mbali, gari lililokuwa nyuma yetu likawasha taa kwa heshima. La nyuma yake nalo likawasha. Magari tuliyopishana nayo yakakaa kando, wanaume wakavua kofia. Tuliingia Kitengela tukiongoza msafara wa magari sita nisiyoyajua hata moja, na kikundi cha akina mama kilichokuwa sokoni kikaanza kuimba wimbo wa safari ya mbinguni. Mmoja akaja dirishani, machozi yamemlengalenga.

“Pole sana, baba. Ni nani ametuacha?”

“Ni boti, mama,” nikamjibu.

Akanishika mkono, akaniambia Mungu hawezi kunipa mzigo nisioweza kuubeba.

Mama Maziwa alikubali tucheze kwenye maji yake kwa sharti moja, na alilitoa akiwa amenyoosha fimbo. “Ng’ombe yangu ikikuja kukunywa, nyinyi wote mnasimama. Hapana kwenda, hapana kupiga kelele. Hii maji ni ya ng’ombe. Nyinyi ni wageni.” Tukaitikia kama watoto wa chekechea. Njia tulipima kuanzia kigingi cha ua wake, kuzunguka mgunga uliokuwa umezingirwa na maji upande wa pili, na kurudi.

Kila Jumamosi alasiri tulishindana, na kila Jumamosi Mwalimu alinishinda. Sikuwa nimejua kwamba tanga lina mbele na nyuma. Wiki ya kwanza nilisema upepo wa nyandani si kama wa ziwani. Wiki ya pili nikalaumu vishikio. Wiki ya tatu nilikwenda kinyumenyume mpaka kwenye mgunga, na nikasema kwetu ndivyo tunavyopasha mwili moto. Mwalimu aliandika matokeo kwa chaki kwenye geti lake, pale watu walipopita kwenda kanisani. Muuza duka akaanza kuniuliza kama nataka sabuni au boya. Niliumia, sitaficha. Mtu akikushinda kwa sukuma wiki unaweza kulaumu mbolea, lakini mimi nilikuwa nimejitangaza mwana wa ziwa, na nilikuwa nashindwa na mtu aliyeona maji mengi kwa mara ya kwanza kwenye timbo.

Mvua ilipokatika na maji kuanza kushuka, Mwalimu akaniita pale uani. “Jirani, tuna Jumamosi moja imebaki. Atakayeshindwa atamwita mwenzake Kapteni, mbele ya watu, mpaka mmoja wetu ahame Kitengela.”

Nilipaswa kukataa. Nikasema, “Leta.”

Alhamisi ya wiki hiyo, mama yangu akashuka kutoka basi la kwetu na kuku wawili, kuja kuwaona wajukuu. Tangu hapo sikula vizuri. Mama alikuwa mtu wa kanisa wa kweli, asiyedanganya hata kuhusu umri wake, na Jumamosi akasisitiza kwenda kuona huo mchezo wa watu wazima. Mtaa mzima ulikuwa ukingoni. Mwalimu akamkaribisha kwa mikono miwili.

“Shikamoo, mama. Tunaambiwa huyu kijana wako alizaliwa ndani ya boti.”

“Huyu?” Mama akacheka mpaka akashika kiuno. “Huyu alizaliwa hosipitali ya misheni. Mpaka darasa la pili alikuwa analia akiogeshwa!”

Watu walivunjika mbavu. Muuza duka alikaa chini kwenye matope na suruali yake nzuri. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini udongo wa Kitengela hushika miguu tu, haumezi.

Mama hakuwa akiniangalia tena. Alikuwa ameisogelea boti yangu, akagusa kamba, akavuta fundo moja, akasonya.

“Nani alifunga hii tanga? Imefungwa kama mtu anaanika nguo.” Akafungua, akafunga upya, vidole vyake vikienda haraka kuliko macho yangu. Kisha akavua viatu. “Shika. Na mkoba.”

Nikashika. Akaingia. Nami nikainua mguu niingie.

“Wewe baki. Uko na kilo mingi na hauna kazi.”

“Mama, kwani unajua kuendesha boti?”

“Baba yangu alikuwa na wasichana saba, hakuna kijana. Unafikiri makaa ilikuwa inatoka kisiwani inafika soko na nani? Paka?” Alikuwa akipima upepo kwa shavu lake. “Miaka sita nimevuka hiyo maji. Halafu nikaolewa na mtu wa cherehani. Aliniomba niache, sababu alikuwa hapati usingizi nikiwa huko. Nikaacha. Sasa sukuma.”

Nikasukuma.

Mwalimu, kwa adabu, alimwambia ataenda polepole. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza la hesabu. Jeneza langu liliinama ubavu, likapata upepo na kuondoka kana kwamba lilikuwa limechoka kuningoja. Mama alikuwa amekaribia mgunga pale Mama Maziwa alipopiga mluzi, na ng’ombe wakateremka kunywa.

Kusimama, basi. Mwalimu alivuta kamba kwa pupa, tanga likamwangukia kichwani, na Jibu Sahihi ikaenda kipofu mpaka matopeni katikati ya ng’ombe. Fahali mmoja akaanza kujikuna kwenye mlingoti. Mama yeye aligeuza kichwa cha boti kuelekea upepo, tanga likalegea, akakaa hapohapo akiwa ametulia kama mtu anayengoja chai. Ng’ombe walipotosheka na kurudi juu ukingoni, aligeuka, akazunguka mgunga, akarudi akapita kigingi. Mama Maziwa akainua fimbo yake juu kabisa na kupiga kelele za Kimaasai ambazo hazikuhitaji mkalimani.

Mwalimu alikuja akitembea majini, lami kwenye shati, akiivuta boti yake kwa kamba. Watu wakasogea kusikia atamwita nani Kapteni.

“Jirani,” akasema, “wewe hukushinda.”

“Najua.”

Akageukia maji, akaweka mikono mdomoni. “Hongera, Kapteni!”

Mama hakugeuka. Alikuwa amekipita kigingi na kuendelea, anauzunguka mgunga mara ya pili, halafu ya tatu. Nikamwita, nikamwambia chai itapoa. Aliinua mkono mmoja tu bila kuangalia nyuma. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane na sikuwahi hata siku moja kumuuliza alikuwa nani kabla hajawa mama yangu. Aibu hiyo ilinichoma kuliko ile ya boti.

Watu wakaanza kwenda makwao. Mwalimu akabaki kando yangu, akikamua soksi.

“Kapteni anarudi saa ngapi?”

Nikamwambia sijui. Nikapangusa matope kwenye viatu vya mama kwa shati langu, kimoja kisha kingine, nikaendelea kumngoja.