Wageni Waliokuja Kumwomba Dada

Juzi nilienda kutazama mechi za shule hapa Kisumu kwa sababu mtoto wa jirani yangu alikuwa anacheza, na mama yake alikuwa amenisumbua wiki nzima. Nikakaa kwenye nyasi, nikanunua njugu, nikajiandaa kumshangilia mtoto wa watu. Halafu nikawaona. Wanaume wawili na mwanamke mmoja, kila mmoja amesimama peke yake kando ya uwanja, kila mmoja anajifanya anaangalia simu, na wote macho yao yako kwa msichana yule yule aliyevaa namba kumi. Wewe ungepita ukadhani ni wazazi. Mimi nilijua mara moja kwamba ni walimu wa sekondari waliokuja kuwinda wachezaji, na zile njugu nikamwachia mtoto aliyekaa karibu. Niliondoka kabla ya kipindi cha pili, na jirani yangu ameninunia mpaka leo.

Si kwamba nawachukia. Wengine ni watu wazuri, na mmoja wao nitakusimulia habari zake. Ila nikiwaona tu, narudi utotoni bila kupenda, na huko si kila kitu kitamu.

Kwetu ni upande wa ziwa. Ukishapita soko la Otonglo unaacha lami, unashuka na njia ya vumbi mpaka usikie harufu ya omena, dagaa wetu wa ziwani, hapo umefika. Mimi na dada yangu tulilelewa na nyanya yetu, mama yake baba, ambaye tulimwita Dani kama watoto wote wa Kijaluo wanavyowaita nyanya zao. Baba na mama walituacha tukiwa wadogo. Dani alikausha omena na kuziuza sokoni, na harufu yake ilikuwa kwenye sare zetu, kwenye vitabu vyetu, hata kwenye chai. Asubuhi tulizitandaza juu ya nyavu kuukuu, mimi nikabaki kufukuza kunguru, dada akaenda kuteka maji. Alirudi na mtungi kichwani huku anapiga ndimu mbichi kwa mguu njia nzima, na maji hayamwagiki. Dani alimfokea kila siku kwa ajili ya ndimu zake, na kila siku dada alichuma nyingine.

Uwanja wa shule yetu ya msingi ulikuwa umeinama kuelekea ziwani. Timu moja ilicheza ikipanda mlima, nyingine ikiteremka, na mpira ukipigwa vibaya ulipotelea kwenye mafunjo, mchezo unasimama mpaka apatikane mtu asiyeogopa nyoka kwenda kuutafuta. Dada yangu alipendelea kupanda. Alisema mabeki wakikukimbiza kwenye mlima wanachoka mapema, na wewe uliyezoea mtungi huchoki. Ee, yule msichana alijua mpira, jamani! Akina mama waliokuwa wakirudi sokoni walisimama na mabeseni yao vichwani, shingo zinauma, hawaendi. "Yawa, mtoto wa nani huyu?" wageni waliuliza, na mimi nilikuwa wa kwanza kujibu.

Sasa elewa jambo moja. Omena za Dani zilitulisha, lakini hazikuweza kumsomesha mtu sekondari. Shule za huku kwetu zilikuwa zikishindana vibaya sana kwenye mpira, za mkoa wetu wa Nyanza zenyewe kwa zenyewe, na za Nyanza kwa mkoa jirani wa Western, na shule iliyotaka kombe ilimchukua mchezaji mzuri bure, karo, sare, chakula, kila kitu. Kwa hiyo mpira ndio uliokuwa mlango wa dada. Mwingine hatukuwa nao.

Walipoanza kuja, kazi yangu ilikuwa kukamata kuku. Mwalimu wetu wa michezo alimtuma mtoto kusema kuna wageni Jumapili, na Dani alinionyesha kwa kidole jogoo wa kukimbiza. Nilizunguka naye nyumba nzima mpaka tukachoka wote wawili. Dani alimpika kwenye chungu, taratibu, kwa moshi wa kuni, na mchuzi ule sijauonja tena popote. Akasonga ugali wa mtama na unga wa muhogo, mweusi, mzito, akaufinika na kibuyu usipoe.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa kike kutoka Nyakach, shule moja mbele ya Pap Onditi. Alishuka barabarani akaja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Alimkuta Dani anachagua mawe kwenye omena, naye akaketi kwenye mkeka akaanza kuchagua pia, wakawa wanazungumza huku mikono inafanya kazi. Kisha akamwita dada.

"Shule yetu si kubwa, nyathina," alimwambia, yaani mwanangu. "Kombe hatujawahi kulishika. Lakini ukija kwangu utakaa darasani kwanza, uwanjani baadaye. Hata ukivunjika mguu, bado wewe ni mwanafunzi wangu."

Jioni ile dada alichota maji mara mbili bila kuambiwa. Nilijua moyo wake umeshaenda Nyakach.

Wa pili alikuja na gari. Alitoka Western, kwenye shule ambayo jina lake lilitajwa redioni kila msimu, na alimletea dada viatu vya mpira vipya kabisa, vyenye meno chini. Wa tatu alikuwa kocha wa shule ya mjini, Mswahili wa Kisumu mwenye maneno laini, aliyeusifu mchuzi wa Dani mpaka Dani akacheka na kujifunika mdomo kwa leso. Wote walikula. Wote walieleza mambo ya shule zao. Na wote Dani aliwapa jibu moja, neno kwa neno: "Mmekuja vizuri. Tumewasikia. Nendeni salama." Halafu akawasindikiza mpaka barabarani, akasimama pale akipunga mkono mpaka wapotee.

Nilimuuliza, kwa nini hasemi anayemtaka? Dani alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu. Kwao, aliniambia, watu wakija kuomba msichana hawakataliwi siku ya kwanza, wala hawakubaliwi. Wanalishwa, wanasikilizwa, wanaachwa waende. Asiyemtaka sana haonekani tena. Anayemtaka kweli atarudi, na akirudi ndipo mazungumzo yanaanza. "Msichana hatolewi kama sahani ya kuazimwa," alisema. Alikuwa ametolewa hivyo yeye mwenyewe, na mabinti zake wote, na hakuona sababu ya mjukuu wake kutoka nyumbani kwa haraka zaidi ya hao.

Lakini wale walikuwa watu wa mpira. Wamekula kuku, wameambiwa wamesikiwa, bibi kizee amecheka na kuwasindikiza: kwao hilo lilikuwa jibu la ndiyo. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa Mjaluo kama sisi na angeweza kuwaeleza. Alitafsiri maneno, jambo lenyewe akaliacha. Kocha wa mjini akaenda akamhesabu dada kwenye timu yake. Yule wa gari naye hivyo hivyo.

Likizo ilipofika, gari lilirudi. Mwalimu wa Western alisema anataka dada akakae nao siku chache, wamwone na wachezaji wengine. Dani alifurahi kupita kiasi. Si amerudi? Na msichana huenda kuliona boma la watu kabla hajasema neno, hiyo pia ilikuwa desturi. Dada alipanda gari akiwa amekunja uso. Aliniambia sikioni kwamba anaenda tu kwa heshima ya Dani, na kwamba mwalimu wa Nyakach akija nimwambie angoje. Niliapa kwa jina la mama.

Mwalimu wa Nyakach hakuja nyumbani. Nilikaa njia panda ya karibu na kwetu kila siku na kunguru wakala omena watakavyo, nikachapwa, kesho yake nikarudi njia panda.

Huku nyuma kocha wa mjini alikuwa amesikia kwamba mchezaji wake kaonekana Western. Akashtaki kwamba ameibiwa. Western nao wakajibu kwamba mwizi ni yeye. Wakaitana, wakatukanana, na wakubwa wa michezo wakaamua kwamba msichana amejiahidi kwa shule mbili, basi asicheze popote mwaka mzima. Dada yangu, ambaye hakuwa amemwahidi mtu hata mmoja! Hakuna aliyekuja kumuuliza.

Siku aliyorudi nilikuwa na Dani sokoni. Gari lilisimama Otonglo, dada akashuka na mfuko wake, likageuka palepale. Aliketi kwenye gunia letu.

"Wamesema nirudi nitakaporuhusiwa kucheza," alisema.

Dani aliendelea kulitazama lile vumbi barabarani. "Hata chai hawakunywa?" akauliza.

Shule ya mjini nayo ikanyamaza kabisa. Hapo ndipo tulipojua walichokuwa wanataka, na hakikuwa dada. Mwalimu wetu wa michezo akaanza kupita njia nyingine ili asikutane na Dani.

Dada alibaki na tumaini moja. "Dani, twende Pap Onditi," alimwambia. "Twende kwa yule mwalimu. Atanichukua hata nisipocheza, alisema mwenyewe." Aliomba akiwa amesimama, akaomba akiwa amepiga magoti. Sijawahi kumwona mtu akiomba kitu namna ile. Na Dani, aliyempenda yule mtoto kuliko macho yake, alikataa. Nyumba ya msichana haiendi kubisha hodi kwa watu. Ukienda kumtoa mtoto mwenyewe umemfanya kitu cha bure, na watakaompokea watamtendea hivyo. "Yule mama ana heshima," alisema. "Nilimwona alivyoketi. Atarudi." Akamtenga kuku mmoja mnono kwa ajili yake, na hata siku tuliyokosa chumvi hakumuuza.

Shule zikafunguliwa. Wenzake dada walipita na masanduku yao ya bati, wengine ambao hata mpira hawakujua kuutuliza. Yeye alikuwa anatandaza omena, mgongo kwa barabara. Kuku yule alizeeka. Mwaka ulipoisha dada alikuwa mkubwa, mzito wa maneno, na hakuna mtu wa mpira aliyekumbuka njia ya kwetu. Akaenda Obunga kwa shangazi yetu kukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishatolewa. Akaolewa hukohuko. Na karo yangu ya sekondari, ndugu yangu, ilitoka kwenye karai lake. Mimi niliyekuwa siwezi kupiga mpira hata ukiwa umesimama ndiye niliyesoma. Hajawahi kunisimanga, na afadhali angenisimanga.

Mwaka jana tulimzika Dani. Baada ya mazishi watu wakila, alikuja mama mmoja mwenye mvi, anatembea polepole, akaomba kuonyeshwa wajukuu wa marehemu. Sikumtambua. Dada alimtambua kabla hajafika kwenye kiti. Alimletea maji ya kunawa, akamwekea ugali na kuku, akasimama mbele yake na bakuli mkononi.

"Nilikuja kukuchukua," yule mama alisema. "Mara ya pili. Nilifika hapo Otonglo, nikamuuliza mama aliyekuwa anauza ndizi kama nitawakuta. Akaniambia kwa furaha, umechelewa mwalimu, msichana wetu amechukuliwa na gari, shule kubwa. Nikasema Mungu amempa kuliko nilichokuwa nacho. Nikageuka."

Muuza ndizi alikuwa jirani yetu, na alitupenda. Alikuwa anajivunia tu.

Nilidhani dada atalia. Alikaa chini, akaweka bakuli kando. "Kwa hiyo ulirudi," alisema.

"Nilirudi, nyathina."

Halafu dada akamuuliza, bweni lilikuwaje? Mwalimu akamtazama asielewe. "Niambie tu," dada alisema. "Ningelala wapi?" Basi yule mama akamweleza. Kitanda cha chini, karibu na dirisha, alikuwa amekiacha wazi mpaka katikati ya muhula. Dada akauliza maji yalichotwa wapi, Jumamosi walikula nini, nani alipiga kengele. Aliuliza na kuuliza, na mwalimu akajibu kila kitu, ugali ukapoa. Dada alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa habari za kwao.

Uwanja wetu wa mteremko sasa ni nyumba za kupangisha. Muuza ndizi amekufa, na chungu cha Dani kilipasuka siku ileile ya matanga yake Dani. Siku hizi mtu hupigiwa simu, akasema ndiyo au hapana, yakaisha, na hata mimi ndivyo ninavyojibu. Hivyo vyote vilikuwepo, ukitaka naweza kukupeleka nikakuonyesha mahali vilipokuwa. Kile kitanda cha dirishani dada hakukilalia hata siku moja, na mimi sijawahi kukiona, lakini ndicho kinachoniliza.