Stika ya Des Kwenye Kisanduku cha Mita

Des Trewin amepiga dawa ya mchwa hapa Bundaberg miaka thelathini na moja, na magoti yake yanakuambia hivyo kabla hajafungua mdomo. Hana haraka. Mimi fundi zege, haraka ndiyo kazi yangu, kwa hiyo tumegombana kwenye viwanja vingi.

Safari hii ilikuwa kwa Noelene, mjane aliyestaafu kiwanda cha sukari. Mchwa walimlia nyumba ya kwanza. Siku ya kuibomoa, mwimo wa mlango wa jikoni, ambao alikuwa akiwapimia wanawe urefu kwa kuchora mistari, ulimvunjikia mkononi. Ndani hamna kitu, imebaki rangi tu. Sasa amejengewa mpya palepale, na alishasema hampimi mjukuu wake Tahlia kwenye mwimo mpya mpaka Des abandike kwenye kisanduku cha mita ya umeme stika yake ya kuthibitisha kwamba mchwa wamezuiwa.

Alasiri moja Des aliumwagia dawa udongo wote uliozunguka nyumba, akaniachia neno moja: usiuguse. Asubuhi nikafika na kukuta vinundu vya udongo chini ya ukuta, pale njia ya zege itakapopita. Zege halimwagwi juu ya vinundu. Nikashika reki, nikasawazisha, udongo wa ziada nikautupa kwenye uzio.

Des akaja na stika yake. Akaitazama reki, akautazama ukuta.

"Craig, dawa yangu umeipeleka wapi?"

"Nimesawazisha kidogo tu, mzee. Sentimita mbili, tatu."

"Umeipeleka kwenye uzio. Haya, hongera, uzio hauliwi tena."

"Lori limeshatoka, bwana! Saa moja ijayo hapo pote ni zege. Nani atajua?"

"Mchwa watajua."

Nilipandwa na hasira, nikamtukana matusi ambayo siyaandiki hapa. Yeye alikuwa ameshaanza kuvuta mpira wa dawa kutoka kwenye gari, anaguna kila anapoinama. Noelene akatoka na vikombe vya chai. Alikuwa amesikia yote. Alikitazama kile kisanduku cha mita, bado hakina stika, na mimi nikaona aibu.

Nikampigia dereva wa lori. Nikamwambia zege alipeleke kwa shemeji yangu, anayetaka sakafu ya banda la boti tangu Krismasi.

"Leo shemeji yako atakupenda," Des akasema.

"Nyamaza, mzee. Nionyeshe pa kuchimba."

Nikamchimbia mfereji kandokando ya ukuta, nyumba nzima. Yeye akamwaga dawa, nikarudisha udongo kidogo kidogo, akamwaga tena. Reki niliitupa garini nisije nikajisahau. Tulimaliza saa tano, shati limenigandia mgongoni.

Des akajifuta mikono, akafungua kisanduku cha mita, akabandika stika na kuandika tarehe.

"Hebu nipe hiyo kalamu," Noelene akasema.

"Wino wake haufutiki, Noelene."

"Ndiyo hiyo ninayoitaka. Tahlia! Vua viatu uje hapa!"

Mtoto akasimama mlangoni, visigino vimegusa mbao ya mwimo, kidevu juu kama askari.

"Usidanganye, teremsha kidevu," bibi yake akamwambia.

Noelene akachora mstari kwenye mwimo, usawa wa utosi wa mtoto. Mtoto alipokimbia kurudi nje, yeye alibaki pale. Akaweka kidole gumba juu ya ule mstari, akabonyeza kwa nguvu zake zote, na mbao haikubonyea.